Mama anasema huyu Taylor ni mpangaji. Je, ana haki?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mamangu alikuwa hakosi The Bold and the Beautiful enzi za KTN, miaka ya tisini. Siku hizi namtafutia vipande kwenye simu tunatazama pamoja. Juzi akatokea mwanamke anaitwa Taylor, mama akaniambia, 'Huyu si Taylor. Huyu mpangaji. Taylor mwenyewe mie namjua.' Nikamwonyesha Taylor wa mwaka 2022, akasema huyo naye mpangaji, tena wa kwanza. Kwa nini wanabadilisha mtu kimyakimya hivi, kana kwamba sisi hatuna macho? Si afadhali wamuue huyo mhusika yaishe? Na yule Sheila aliyempiga risasi, hivi alikufa?" Msomaji, Kisauni, Mombasa.

Marahaba, mwanangu. Mpe mama salamu zangu, umwambie nimelisoma neno lake mara tatu. Kazi yangu ni kuandika tamthilia hapa Dar es Salaam, na nimekaa vikao vingi vya kubadilisha waigizaji, vingine vya machozi. Sijapata kusikia mtu akilieleza jambo hili kwa neno moja kama yeye. Ila atanuna kidogo nikimwambia kwamba hata huyo "Taylor mwenyewe" anayemkumbuka alikuwa mpangaji vilevile. Tofauti ni kwamba alikaa muda mrefu, mpaka majirani wakadhani nyumba ni yake.

Anayemkumbuka mama ni Hunter Tylo. Tamthilia ilianza tarehe 23 Machi 1987, ikatungwa na William J. Bell na mkewe Lee Phillip Bell, kuhusu familia ya Forrester na kampuni yao ya mitindo huko Los Angeles. Taylor Hayes hakuwemo mwanzoni. Aliingia mwaka 1990, daktari wa magonjwa ya akili, mwanamke mtulivu wa sauti ya chini, na kazi yake katika hadithi ilikuwa moja tu: awe kinyume cha Brooke. Brooke anaongozwa na moyo, Taylor anafikiri kwanza. Katikati yao yuko Ridge, mwana wa akina Forrester, ambaye hajui anataka nini hadi leo. Kejeli iliyomfanya Taylor apendwe ni kwamba kutwa anawasikiliza watu wenye ndoa mbovu, jioni anarudi kwake kuikuta ya kwake mbovu zaidi.

Taylor na Ridge walioana mwaka 1992. Mwaka 1994 ndege ikaanguka, Taylor akahesabiwa kafa, Ridge akalia halafu akamrudia Brooke. Kumbe bibi yuko hai, amepoteza kumbukumbu, yumo katika kasri la mwanamfalme Omar huko Moroko, anaitwa Laila. Mama bila shaka anamkumbuka huyo Omar, kwa sababu aliyemwigiza ni Kabir Bedi, na kwetu pwani mwigizaji wa Kihindi hapiti hivihivi. Taylor akarejea 1995. Mwaka 2002 Sheila Carter akampiga risasi, akafa kwa mara ya pili, safari hii mbele ya macho ya watu. Mwaka 2005 akarudi tena: Omar yuleyule alikuwa amemwokoa, na kilichoombolezwa kilikuwa sanamu la nta.

Hapo pana jambo linalonishangaza kila nikilifikiria. Watazamaji wale walikubali mwanamke afe mara mbili, wakakubali na sanamu la nta. Ukiwabadilishia uso tu, ugomvi. Maana yake ni kwamba tunayemwamini kwenye tamthilia si hadithi. Ni yule mtu. Hadithi inaweza kutudanganya tukasamehe, lakini mtu tuliyemzoea sebuleni, anayeingia siku tano kwa wiki bila kubisha hodi, huyo amekuwa jamaa.

Tylo alikuwa akiingia na kutoka, na mara ya mwisho alionekana mwaka 2019. Desemba 2021 akaingia Krista Allen, huyo ndiye "mpangaji wa kwanza" wa mama, akakaa mpaka 2023. Mwaka 2024 nafasi ikachukuliwa na Rebecca Budig, na nadhani huyo ndiye mliyemwona juzi.

Sasa mueleze mama habari ya huyu Budig, atamhurumia. Kabla ya hapa alipata jina kwa kuigiza Greenlee katika tamthilia nyingine, All My Children, tangu 1999. Alipoondoka mwaka 2005, wenye tamthilia walisubiri, kisha mwaka 2007 wakamweka mwigizaji mwingine, Sabine Singh. Watazamaji hawakumtaka. Hakumaliza hata mwaka, Budig akarudishwa mwaka 2008. Yaani mwanamke anayeitwa mpangaji leo, jana yeye ndiye alikuwa "mwenyewe", na kuna msichana wa watu aliyekataliwa kwa sababu yake.

Mwenye nyumba hasa ni nani? Ni kampuni inayotengeneza tamthilia, kwa hapa ni Bell-Phillip Television Productions. Jina Taylor Hayes ni mali yao, pamoja na ndoa zake, watoto wake na vifo vyake vyote viwili. Mwigizaji ana uso wake na sauti yake, basi. Akihama, hawezi kwenda kituo kingine akawa Taylor Hayes huko. Na mikataba ya tamthilia za mchana za Marekani ina desturi moja kali: mtu anaweza kusaini miaka mitatu au zaidi, lakini ndani yake mkataba umekatwakatwa katika vipindi vya wiki 13, na kila kipindi kikiisha, mtayarishaji ana haki ya kukwambia asante, kwaheri. Mwigizaji hana haki hiyo. Mama alitumia neno mpangaji kwa dharau, lakini kisheria hakukosea hata herufi.

Tylo mwenyewe alionja jambo hili kwa upande mwingine. Mwaka 1996 alikubali kuhamia Melrose Place, tamthilia ya usiku, halafu akapata mimba, na kabla hajaanza kazi wakamwondoa kwa madai kwamba nafasi ile inahitaji mwanamke wa kuvutia, si mjamzito. Akarudi zake kwa akina Forrester, akafungua kesi huku akiendelea kuigiza. Mwezi Desemba 1997 baraza la mahakama Los Angeles likampa karibu dola milioni 5. Kesi ile bado inatajwa Marekani kila mwajiri anapomtimua mwanamke kwa sababu ya mimba. Na ile nafasi aliyonyang'anywa, mhusika aliitwa nani? Taylor. Taylor McBride. Ningeandika hivyo kwenye mswada, mwongozaji wangu angenirudishia.

Unasema wanabadilisha kimyakimya. Si kweli kabisa. Tamthilia za Marekani zina mila ya zamani: mwigizaji mpya akiingia, sauti husikika sehemu inapoanza, ikitangaza kwamba nafasi ya fulani sasa inaigizwa na fulani. Ni sentensi moja tu. Lakini vipande vinavyorushwa kwenye simu hukatwa, na hicho ndicho huondoka kwanza. Kwa hiyo mama ameingia ndani ya nyumba bila kupita barazani.

Ndani ya hadithi ni kweli, hakuna anayesema neno. Steffy anamkumbatia "Mama!", Ridge anamtazama kwa yale macho yake ya mbwa aliyefiwa, maisha yanaendelea. Na huo ukimya ni ustadi, mwanangu, ingawa unauona kama dharau. Njia nyingine ipo, ya kueleza. Katika Dynasty, miaka ya themanini, kijana Steven Carrington alibadilishwa mwigizaji, wakaandika kwamba amelipukiwa kwenye mtambo wa kuchimba mafuta akafanyiwa upasuaji wa uso. Ukieleza hivyo umemwalika mtazamaji aanze kukagua. Mbona na urefu umebadilika? Mbona sauti? Daktari huyo alipasua na koo?

Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu kosa hilo nimelifanya. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwandishi katika tamthilia moja ya Kiswahili, tukaachana na mama aliyekuwa akiigiza mama mkwe, mambo ya malipo. Mimi, kwa werevu wangu, nikaandika kwamba alipata ajali ya gari akapelekwa India kutibiwa uso. Tukatumia sehemu nzima, bandeji, machozi, daktari. Watu walicheka wiki nzima. Mpaka wauza genge mtaani kwangu wakawa wananiuliza kama India wanaongeza na makalio. Aliyetuokoa ni yule mama mpya mwenyewe. Katika sehemu iliyofuata, mswada ulisema aingie sebuleni akae. Yeye akaingia, akamkuta mkwe wake amekalia kiti kile ambacho mama mkwe wa kwanza alikuwa hamruhusu mtu akikalie, akasimama mbele yake, hakusema kitu, akasubiri. Binti aliyeigiza mkwe akainuka mwenyewe, kwa woga wa kweli. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena habari za uso.

Toka hapo nikajua kwamba mhusika haendi na uso, wala haendi na maelezo. Anaendeshwa na wale wanaomzunguka, jinsi wanavyomwogopa, wanavyomchukia, wanavyomkwepa macho. Ndiyo maana mtu anayembeba Taylor mpya kuliko wote si mwigizaji wa Taylor. Ni Katherine Kelly Lang, ambaye amekuwa Brooke tangu siku ya kwanza mwaka 1987 na bado yumo. Mtazame Brooke siku Taylor wa Krista Allen anapoingia, usimtazame Taylor. Utaona chuki ya miaka thelathini imewekwa juu ya mtu ambaye huenda walifahamiana chumba cha vipodozi wiki hiyo. Mwigizaji mwenye uzoefu akikuchukia kwa dhati namna hiyo, na wewe unaanza kuwa yule mtu.

Kuna na madeni. Mwaka 2018, Taylor wa Hunter Tylo alimpiga risasi Bill Spencer, siri ikafichwa. Miaka minne baadaye siri ile ikafufuliwa ili kumkaba koo Taylor, na aliyetoa jasho, akalia, akahofia jela alikuwa Krista Allen. Kosa lilifanywa na mpangaji mmoja, bili ikasomwa kwa jina la mwingine. Ukinikalisha nikufundishe namna ya kumthibitisha mwigizaji mpya, ningeanza hapo: mpe dhambi ya zamani alipe. Kumpa furaha mpya hakusaidii, kwa maana furaha mpya anaweza kupewa mtu yeyote.

Ama hilo la kumuua yakaisha. Huwa wanaua. Stephanie Forrester, yule mama mkwe wa Brooke, aliigizwa na Susan Flannery kwa miaka 25. Flannery alipoamua kustaafu mwaka 2012, waandishi walimwandikia kansa ya mapafu, akafia mikononi mwa Brooke, adui yake wa miaka yote hiyo. Hawakutafuta Stephanie mwingine, na nadhani walifanya vyema, kwa sababu wangemtoa wapi? Hapa kwetu ni hivyohivyo: Charles Bukeko alipofariki mwezi Julai 2020, Papa Shirandula nayo ikazimwa. Hakuna aliyethubutu kumvisha mtu mwingine ile sare ya ulinzi.

Mwaka uleule wa 2012 Ronn Moss, Ridge wa tangu mwanzo, aliondoka pia. Yeye hawakumuua. Waliiacha nyumba tupu zaidi ya mwaka, watu wakapoa, wakaanza hata kumkumbuka Ridge kama Ridge na si kama kidevu cha Ronn Moss, ndipo Desemba 2013 akaingia Thorsten Kaye, asiyefanana naye hata kwa mbali. Zilipigwa kelele. Leo ana zaidi ya miaka kumi na watoto wadogo hawamjui mwingine. Kwa mdogo wake Ridge, Thorne, hata kelele hazikupigwa: ameshapita kwenye mikono ya waigizaji wanne, na simlaumu mtu asiyekumbuka hata mmoja.

Kwa nini basi Stephanie azikwe, Ridge na Taylor wabadilishwe uso? Angalia nani bado ana kazi. Stephanie alikuwa amefunga hesabu, watoto wazima, maadui wamepatanishwa. Taylor ana mtoto Steffy, ambaye sasa ndiye nguzo ya hadithi, ana Thomas, ana wajukuu, ana Ridge asiyeamua. Ukimuua, unang'oa nyuzi ishirini kwenye mkeka. Na kutunga mhusika mpya mwenye nyuzi kiasi hicho si kazi ya wiki. Tamthilia hii imeshapita sehemu 9,000. Mwandishi mwenye sehemu ya kesho, ya keshokutwa na ya mtondo mezani hatupi mhusika aliyelimbikiza miaka thelathini ya makosa. Huo ndio mtaji wake.

Hapohapo mama asije akauliza habari za umri wa Steffy. Alizaliwa mwaka 1999, pacha na Phoebe, sote tukiwa tunatazama, na kufikia mwaka 2008 tayari ni mwanamke mzima, anaigizwa na Jacqueline MacInnes Wood, anaanza kuharibu ndoa za watu. Miaka tisa! Kwenye tamthilia watoto hupelekwa ghorofani kulala wakashuka na ndevu. Kila chumba cha waandishi kinajua dhambi hii na kila kimoja kinaifanya, kwa sababu mtoto wa miaka tisa hana hadithi ya mapenzi na analazimika kwenda shule.

Nataka kumshika mama kwa jambo moja, kwa heshima zote. Muulize kama alitazama Sultan, ile ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili kwenye Azam. Kama ni mtu wa Mombasa mwenye king'amuzi, alitazama. Basi Hurrem, mke wa sultani, alibadilishwa pale. Meryem Uzerli aliondoka mwaka 2013 kabla hadithi haijaisha, akaingia Vahide Perçin, mtu mzima zaidi. Waliruka miaka katika hadithi, Hurrem akawa amezeeka, na sisi huku tulipiga kelele siku chache halafu tukanyamaza. Miaka ilisaidia, ndiyo. Lakini sikio nalo lina uaminifu wake: mtazamaji wa Kiswahili hajawahi kuisikia sauti ya Uzerli hata siku moja. Hurrem wetu anakaa kooni mwa mtu mwingine, Dar es Salaam, ambaye hata jina lake wengi hatulijui. Ukitaka vurugu za kweli, badilisha huyo.

Na kabla hajaapa kwamba wa kwanza daima ndiye mwenyewe, kuna Carly wa General Hospital, tamthilia nyingine ya mchana ya Marekani. Sarah Brown alimwanzisha mwaka 1996, akaja Tamara Braun mwaka 2001, akaja Jennifer Bransford mwaka 2005 akadumu miezi michache tu, na mwishoni mwa mwaka huohuo akaingia Laura Wright, ambaye yupo mpaka leo. Wa nne ndiye aliyekaa kuliko watatu wa mwanzo wakijumlishwa. Ajabu zaidi, Brown na Braun wote wawili walirudi baadaye kwenye tamthilia ileile, kila mmoja kama mtu mwingine kabisa, wakasimama mbele ya Carly wakazungumza naye kama hawajawahi kumjua. Ningetoa pesa yangu kuwa pale pembeni ya kamera.

Kwa Budig ni mapema bado. Wamemwingiza na maradhi ya moyo, yale yanayotokana na huzuni, na kama mwandishi sikuipenda sana njia hiyo, kwa sababu mgonjwa huhurumiwa kabla hajajulikana. Nilipoanza kumwamini ni pale alipomnyamazia Brooke badala ya kumjibu. Taylor yule wa zamani alikuwa hivyo hivyo, ananyamaza kama daktari, halafu anasema neno moja. Mama akitazama tena, mwambie afumbe macho asikilize tu. Dakika mbili zinatosha. Akisema bado si yeye, basi si yeye, sitabishana na mtu aliyekuwapo tangu Moroko.

Sasa Sheila. Hajafa, mwanangu. Kimberlin Brown bado yumo. Mwaka 2022 alijifanya ameliwa na dubu, na ili aaminike akakata kidole chake cha mguu akakiacha nyuma kama ushahidi. Mwaka 2024 Steffy akamchoma kisu gizani, maiti ikapelekwa kuchomwa, na mume wake mtarajiwa, Deacon, akapata kuiona miguu. Vidole kumi. Sheila ana tisa. Aliyekufa alikuwa mwanamke mwingine, Sugar, aliyefanyiwa upasuaji afanane naye uso mzima. Miguu hakuna aliyeikumbuka.